Stuli ya tairi na fulana za mume wangu

Mume wangu hukimbia zile kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kila mwaka, na kila mwaka hurudi nyumbani na fulana. Hajawahi kuingia hata mia bora, ila fulana anazo. Jumlisha na za kampeni, za harusi za binamu, za mabenki yaliyokuwa yakigawa bure pale stendi. Kabati letu likawa halifungi, mpaka uliegemee kwa goti.

Sebule nayo ina kochi moja na viti viwili, wakati ukoo wa mume wangu umejaa Kibosho nzima. Siku ya komunio ya mtoto wetu wa pili, wazee walikaa, vijana wakasimama na sahani mkononi kama wako kituo cha daladala. Nilichukia sana. Seremala wa Majengo niliyemuuliza bei ya stuli nne aliitaja bila aibu, nami nikaondoka bila kuaga.

Jirani yangu ni fundi cherehani. Januari, sare za shule zinapomlemea, kona ya kibanda chake hujaa viroba vya mabaki: kaki za kaptula, buluu za sketi, vipande vya bitana. Huwa anavichoma nyuma ya nyumba. Nilipoviomba alicheka: "Chukua mwalimu, unanipunguzia moshi."

Stuli ya kwanza ilikuwa aibu. Nilishona mfuko wa jinzi kuukuu, mviringo, upana sentimita 45 na kimo 40, nikashindilia kila kitu humo: mabaki ya fundi, suruali nzimanzima, hata koti lenye zipu. Ikatoka kama gunia la viazi. Baada ya wiki mbili katikati pakawa bonde na pembeni vilima, na zipu ikawa inamchoma mgeni pale asipoweza kusema. Masika yalipoingia ikaanza kunuka uvundo. Nguo kadhaa zilikuwa hazijakauka sawasawa nilipozifungia ndani.

Nikaifumua yote. Kila nguo nikaikatakata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikatoa zipu, vifungo na mishono minene ya jinzi, nikaanika juani siku mbili. Halafu nikajaza kidogokidogo, kila tabaka nikilitwanga kwa mchi. Safari hii ilikaa imara, lakini niliipeleka dukani kwa Mangi tukaiweka kwenye mizani ya mahindi: kilo 14! Binti yangu anapodeki hawezi kuisogeza, anaizunguka tu. Mito ya sufi ya marehemu bibi ilikuwa mikubwa vilevile na mtoto aliibeba kwa mkono mmoja. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani, umejaa hewa. Pamba ya fulana ukiishindilia ni mzigo tu.

Ndipo nikahamia kwenye tairi. Tairi lenyewe ndilo linabeba mtu, nguo kazi yake ni kulivika na kulainisha pa kukalia. Fundi pancha aliniuzia tairi la inchi 13 lililokwisha kashata, yaani meno ya kukanyagia barabara, kwa shilingi 3,000. Lisugue kwa sabuni na brashi mara mbili, la sivyo litaacha weusi kwenye kila kitu. Yule yule seremala wa bei mbaya alinikatia plaiwudi mbili za mviringo, moja juu moja chini, tukazifunga kwa skrubu. Kwa hilo nilimlipa vizuri, na sasa tunasalimiana.

Kwenye fulana ndiko kuna raha. Kata chini ya makwapa, tupa sehemu ya juu (mimi natumia kudekia), halafu anzia kwenye pindo ukate ukanda wa upana wa vidole viwili ukizunguka bila kuukatisha, kama unavyomenya chungwa kwa ganda moja. Fulana ya mtu mzima hutoa mita 15 hivi. Ukivuta ukanda, kingo zinajikunja zenyewe, hazitoi nyuzi. Kitenge na khanga hazifanyi hivyo, zinachanguka, mpaka upinde kingo. Kanda tatu nawapa mabinti wasuke kama wanavyosukana nywele, nami nabandika kwa gundi ya njano ya mafundi viatu, nikianzia katikati ya plaiwudi kwa mzunguko wa konokono, kisha nashuka ubavuni mpaka chini. Chini ya msuko wa juu natanguliza kipande cha godoro kuukuu. Stuli moja ilikula fulana nane.

Fulana hazitaisha. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapo jirani Arusha, wakakubaliana mitumba iondolewe ifikapo 2019. Nenda Memorial, soko letu la mitumba hapa Moshi, leo uone kama kuna mtu anakumbuka. Za kumwaga chini, zenye doa au tundu, napata kwa bei ya andazi na chai, na tundu halionekani kwenye msuko.

Tatizo ni zile za marathon. Nyingi ni polista, zinateleza, gundi haizishiki vizuri. Hilo nililijua baada ya kuikata moja, ya 2019, iliyokuwa chini kabisa ya kabati. Kumbe mwaka huo ndio aliomaliza chini ya saa mbili. Hakunigombeza. Aliikalia ile stuli, akapitisha kidole kwenye msuko mpaka akaupata ule ukanda wa rangi yake, akaniuliza, "Hii ni ipi?" Nikasema ni ya kampeni.

Jumapili mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi. Akakataa kochi, akakaa kwenye stuli, akajitingisha kidogo kuipima. "Mwanangu, hii nayo umenunua wapi?" Kabla sijajibu, mume wangu akadakia: "Mama, hapo umekalia saa moja na dakika hamsini na nane."