Chausiku katagaje bila dume?

Sisi tuliokulia Tanga mayai ya mjusi kafiri tunayajua toka utotoni, ukivuta kabati au ukishusha picha ukutani unayakuta, meupe, madogo, magumu, na karibu siku zote yako mawili. Kwa hiyo siku ile hapa Dortmund, Ujerumani, nilipokuta mayai mawili kwenye tangi la mjusi wangu Chausiku idadi haikunishangaza, kilichonishangaza ni kwamba yapo, maana nilimnunua kama dume na toka afike kwangu hajawahi kuishi na mwenzie.

Chausiku ni leopadi geko, wa manjano mwenye madoa meusi, asili yao nchi kavu za mawe huko Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi ya India. Anafumba na kufumbua macho kwa sababu ana kope, na ukutani hapandi, vidole vyake havinati kama vya hawa wa kwetu. Nilimchukua kwenye maonyesho ya reptilia ya Hamm akiwa kadogo, na wakiwa wadogo hivo jinsia ni kubahatisha tu. Akishakua muweke kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani umtazame kwa chini, dume ana mstari wa vitundu wenye umbo la V katikati ya miguu ya nyuma na vimbe mbili mwanzoni mwa mkia. Mimi sikuangalia, nikaona jina Chausiku linamfaa maana anaamka jua likizama, basi.

Sasa jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema: geko jike anaweza kutaga bila dume, kama kuku wa mayai tu. Yai halitakuwa na mbegu lakini mwili unalitengeneza vilevile, na kalsiamu ya kulitengeneza inatoka mwilini mwake, kama kwenye chakula haipo inatoka kwenye mifupa. Kwa hiyo usijiambie mi sizalishi hayanihusu. Kama ni jike yanakuhusu.

Mara ya kwanza alitaga vizuri, mara ya pili nusura nimpoteze. Alikuwa anachimba kila kona ya tangi usiku kucha, tumbo limejaa, ukimtazama kwa chini mayai unayaona kabisa kama vivuli viwili vyeupe vimelala pembeni, alafu hatagi, hali, siku ya nne akalala tu hata mkia hapandishi. Nikambeba kwa daktari wa wanyama nimemfunga kwenye taulo ndani ya koti. Akapigwa picha, mayai yote mawili yako ndani, akachomwa sindano ya kalsiamu, alafu daktari akaniuliza swali moja: ana sehemu ya kutagia? Hakuwa nayo. Chini nilikuwa nimetandika karatasi tupu, mnyama anatafuta udongo mbichi hauoni, anayazuia mayai mpaka yanakwama. Usiku uleule nikachukua kopo lenye mfuniko, nikatoboa tundu la kupita yeye, nikajaza unga wa makumbi ya nazi, ule uliolowa kiasi kwamba ukiukamua kwa mkono maji hayadondoki. Alfajiri nikamkuta kasinyaa tumbo, makumbi yamerundikwa vizuri juu ya mayai. Nililia jamani.

Toka siku hiyo kopo haliondoki. Kijisahani cha kalsiamu ya unga kipo humo ndani muda wote, analamba mwenyewe, nyenje na mende nawashibisha mboga kwanza kabla hajawala yeye, na upande wa joto haushuki chini ya nyuzi 31 mchana, mana bila joto chakula hakisagiki hata umpe nini. Na namweka kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Mizani ndo inasema ukweli, macho yanadanganya.

Dume nilimpa mwaka uliofuata, alipofika gramu 62 na mkia umenona. Chini ya gramu 50 au chini ya mwaka mmoja usithubutu hata uombwe vipi. Nililiazima kwa jamaa mfugaji baada ya kuuliza ukoo wake, na hili la ukoo nalisisitiza, ile rangi inayoitwa Lemon Frost kwa mfano, watafiti wa Marekani walionyesha 2021 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wenye nayo wanapata kansa ya ngozi, sasa unazalisha uzuri gani huo. Alikaa naye siku tatu tu. Zikatosha kwa msimu mzima, kwa sababu jike anahifadhi mbegu, anataga mawili, wiki tatu hivi zinapita, mawili tena. Ukishampa dume huna breki tena, kazi yako ni kulisha. Alitaga mara nne, akashuka mpaka gramu 51.

Mayai yao ni laini kama ngozi, sio kama ya mjusi kafiri. Unaweka alama ya penseli juu kabla hujalinyanyua na hulipindui tena, kitoto kishajishika upande mmoja, ukigeuza kinakufa. Nikayaweka kwenye vemikulaiti, yale madini mepesi yanayoshika maji, yenye unyevu, ndani ya mashine ya kuangulia nyuzi 27. Joto ndo linaamua jinsia: 26 au 27 karibu wote majike, 32 na nusu wengi madume, na madume wawili hawakai tangi moja, wanauana. Wiki ya pili nikamulika kwa tochi nikaona mishipa myekundu. Siku ya 58 yai likatoa jasho, likabonyea, pua ikachungulia.

Sita waliangua, hawana hata kidole urefu, mistari myeusi na manjano. Wakajivua ngozi yao ya kwanza ndo wakaanza kula.

Mama nilimficha muda mrefu. Nilipomwambia akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, si ndo wale mijusi waliopuliza moto aliotupiwa Nabii Ibrahim?" Nikamwambia mama, nimefundishwa hivyo na mimi, lakini huyu namlisha mimi na njaa yake iko shingoni kwangu. Hatukubishana. Ila nilipomweleza kuhusu yale makumbi akauliza nanunua bei gani, nikamtajia, akasema huku nyuma ya nyumba yamejaa, angenitumia gunia.

Mwaka huu dume hapewi. Kataga mawili matupu mwezi wa tatu, nimeyatoa, jana mizani imesoma 59.