Chupa ya kuoshea pua: ninavyojua imefika mwisho

Wakulima wenzangu wa korosho huniuliza lini nabadilisha chupa ya kuoshea pua kila msimu wa kupuliza unapokaribia, kwa hiyo naandika hapa. Mimi ni mkulima, Tandahimba, na pua yangu haipatani kabisa na salfa, dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Mikorosho ikianza kuchanua mwezi wa 6 tunapambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, na ule unga wa njano ukishatoka kwenye mashine hauchagui pa kwenda. Alfajiri tunapuliza upepo ukiwa umetulia na umande bado uko juu ya majani, barakoa navaa, lakini jioni pua inawaka moto. Kuna msimu upande mmoja uliziba wiki nyingi na paji la uso likawa linagonga usiku kucha. Daktari wa masikio, pua na koo akanianzishia kuosha pua kwa maji ya chumvi, kwa chupa laini ya kuminya. Pua ilifunguka, na njia hiyo naisifu mbele ya yeyote.

Habari ya chupa yenyewe ndiyo hakuna aliyenifundisha. Karatasi iliyokuja nayo inasema ibadilishwe kila baada ya miezi 3. Nilipomuuliza muuzaji wa duka la dawa, akasema, "Kaka, hayo wanaandika wauze tu. Wewe tumia mpaka ipasuke." Jibu lile liliniudhi na linaniudhi mpaka leo, maana mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ya dawa akisema kitu, watu wanakifuata. Chupa ile haipasuki! Plastiki laini inaweza kukaa nawe miaka. Kinachoiharibu ni vinavyoota ndani. Ukiachia mkono baada ya kuminya, chupa inavuta, na kinachorudi ndani ni maji yaliyokwisha kupita puani pamoja na makamasi. Ongeza joto letu na kofia iliyofungwa chupa ikiwa mbichi. Watafiti waliochunguza chupa za wagonjwa wa sainasi, yaani uvimbe wa matundu yaliyo kwenye mifupa kuzunguka pua, walikuta bakteria ndani, mmojawapo Pseudomonas, anayependa sana mahali penye majimaji. Akishatandaza utando wake, kusuuza tu hakumng'oi.

Mjomba wangu alikuwa na dawa yake. "Mpwa wangu, chupa za watoto wachanga zinachemshwa, yako kwa nini isichemshwe? Ukichemsha, hununui tena." Mjomba habishiwi hivi hivi, na mimi nilikuwa na chupa kuukuu niliyokwisha kuiweka kando. Nikamwambia, "Sawa mjomba, tuijaribu hii." Tukaitumbukiza kwenye sufuria, maji yakitokota. Haikuchukua muda ikaanza kuinama. Tulipoitoa shingo ilikuwa yai, kofia inaingia upande mmoja, upande wa pili imekaa juu. Nikaijaza maji na kuiminya: yalitoka mabegani mwa chupa, yakanishukia mpaka kwenye kiwiko, na kwenye tundu la juu hakikupita kitu. Mjomba aliigeuza mkononi akasema, "Kumbe hii ni plastiki nyingine." Ni kweli, ziko zinazostahimili moto, lakini lazima karatasi yake iseme hivyo. Yangu haisemi.

Mrija nao, ule unaoshuka ndani ya chupa kutoka kwenye kofia, nikautafutia njia. Mke wangu alichomoa njiti ya chelewa kwenye ufagio, akaifunga kitambaa cheupe nchani, tukausugua kwa sabuni na maji yaliyochemshwa. Kitambaa kilitoka na ute wa kijivu unaoteleza, ilhali chupa kwa nje ilikuwa inang'aa! Tukasuuza, tukaanika. Siku chache baadaye tukapitisha kitambaa kingine, ute umerudi, na safari hii haraka zaidi. Njiti ilikuwa imeukwaruza mrija kwa ndani, na mikwaruzo ndiyo maficho. Hapo nilielewa kitu ambacho tangu siku hiyo ndicho naanza nacho: chupa hii huoza kuanzia kwenye mrija na kwenye kofia, mwili wake ndio wa mwisho. Anayetazama ubavu tu atasema bado nzima. Ute ukirudi baada ya kuosha vizuri, usiutafutie njiti nyingine, nunua chupa.

Kipimo changu kingine ninakipenda zaidi. Usiku nazima taa, najaza chupa maji safi, naitikisa, kisha naisimamisha juu ya tochi ya simu. Chupa mpya mwanga unapita sawasawa mpaka juu. Iliyochoka inaonyesha mawingu, michirizi iliyoganda ukutani, na wakati mwingine vinyuzi vinavyoelea. Mchana huoni hata kimoja. Halafu nafanya cha harufu: maji ya uvuguvugu nusu chupa, nafunga, naacha kidogo, nafungua na kunusa. Hapa pua yangu mwenyewe siiamini, imeungua na salfa, kwa hiyo namwita binti yangu. Akikunja uso, chupa inaondoka hata kama miezi 3 haijatimia.

Kuminya nako kunasema. Ikibonyea isirudi, ikivuja shingoni, au nguvu ya maji ikipungua, basi. Na nikiugua sainasi nikapewa dawa za bakteria, nikimaliza dozi naanza na chupa mpya, hata kama ile niliinunua juzi. Sioni faida ya kutibu pua kisha kuirudishia kilekile.

Lakini chupa mpya haisaidii kwa maji mabichi, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu huku wengi tunatumia maji ya mvua yaliyokaa tangini. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu 2 walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri. Kunywa maji yake hakudhuru, kinachoua ni kuingia puani. Kwa hiyo maji yatokote dakika 1 nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Hayohayo ndiyo ya kusuuzia chupa. Kisha itenganishe, mrija pembeni, kofia pembeni, vikauke kwenye kitambaa safi. Anayechanganya chumvi mwenyewe atumie ile isiyotiwa madini joto, na akiongeza soda iwe ya kuokea, asije akatia magadi ya kuchemshia maharage.

Bei si ya kutisha, na nikiagiza Mtwara mjini naongeza kidogo cha mtu wa basi. Nanunua 2 kabla ya mwezi wa 6 maana msimu ukianza sina nafasi ya kwenda kuzitafuta. Tarehe naiandika kitakoni kwa maka peni siku ninayoifungua, pamoja na jina, kwa sababu mjomba sasa ana ya kwake na chupa hizi haziazimani. Ile ya zamani naikata kwa kisu kabla ya kuitupa, watoto wasiiokote wakaichezea.