Nilivyowafundisha kompyuta wazee wa Brighton Beach

Nilifika Kharkiv, mji wa Ukraine, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti, mwaka 1985 nikiwa na miaka 20, sijui hata neno moja la Kirusi. Mwaka mzima wa kwanza sisi wanafunzi wa kigeni tuliumalizia podfak, yaani kitivo cha maandalizi, tukifundishwa lugha kabla ya kuanza masomo yenyewe. Wiki za mwanzo nilipita mbele ya duka la mikate bila kujua kama ni duka la mikate. Herufi yao iliyo kama P husomwa R, iliyo kama H husomwa N, na nyingine sikuwahi kuziona popote. Kidato cha sita nilikuwa nimekimaliza vizuri, lakini pale barabarani nilikuwa mtu asiyejua kusoma. Hali ile sikuisahau, na ndiyo iliyokuja kunisaidia miaka zaidi ya 30 baadaye, Brooklyn, New York.

Brighton Beach ipo kusini kabisa mwa Brooklyn, ufukweni, mahali treni ya B inapomalizia safari. Reli inapita juu ya barabara kuu, na chini yake maduka yana vibao vya Kirusi mwanzo hadi mwisho. Miaka ya 1970 walihamia hapo Wayahudi wengi walioruhusiwa kutoka Umoja wa Kisovyeti, hasa watu wa Odessa, mji wa bandari wa Ukraine, ndipo mtaa ukapata jina la Odessa Ndogo. Wengine walifuata kwa wingi milango ilipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliokuja wakiwa na miaka 40 sasa ni wazee. Wengi waliishi na kufanya kazi kwa Kirusi tu, na Kiingereza chao ni cha sokoni na cha kwa daktari.

Mwaka 2017 nilijitolea kufundisha kompyuta katika kituo kimoja cha wazee hapo. Wanafunzi 8, mdogo kabisa ana miaka 70. Waliniuliza jina la baba yangu, kwa sababu kwao mtu mzima haitwi jina tupu, anaitwa kwa jina lake na la baba yake. Nilifurahi, maana hata sisi watu wa pwani ndivyo tunavyojulikana. Baba yangu ni Salim, basi nikawa Salimovich tangu siku hiyo. Nami niliyashika majina yao na ya baba zao yote 8 kabla ya kugusa kompyuta. Mwalimu anayemwita bibi wa miaka 80 kwa jina lake la kwanza, hata akiwa na nia njema, hatasikilizwa.

Somo la kwanza halikwenda. Niliweka lugha ya Kirusi kwenye mipangilio, nikawaambia waandike majina yao. Kimya. Mama mmoja akaniita taratibu: "Mwanangu, Ж iko wapi?" Nikatazama kibodi. Kompyuta ilikuwa inaandika Kirusi, lakini vitufe vyote vimechapwa herufi za Kiingereza. Nikakumbuka duka la mikate. Wazee hawa walikuwa wahasibu, walimu wa hisabati, wahandisi. Tatizo lao halikuwa akili wala uzee. Walikuwa wamenyang'anywa herufi zao 33, kama nilivyonyang'anywa zangu. Nikanunua stika za herufi za Kirusi, nikakaa usiku nikizibandika kitufe kwa kitufe kwenye kibodi zote 8. Katika yote niliyofanya pale, hakuna lililosaidia kuliko hizo stika.

Hapo kuna jambo nataka anayefikiria kazi hii alijue. Kibodi ya Kirusi ina mipangilio miwili. Upo wa kufuata sauti, ambapo А hukaa penye A na Т penye T, na vijana wa hapa wengi hupenda huo. Upo na ule wa kawaida, unaoanza na Й, Ц, У, К, Е, Н. Mimi nilidhani wa sauti utakuwa rahisi kwao. Mama mmoja aliyekuwa mpiga taipu kiwandani Odessa akakataa. Akaweka vidole kwenye ule wa kawaida, akafumba macho, akaandika mistari minne bila kosa, haraka kuliko ninavyoandika mimi. Ni mpangilio ule ule wa mashine zao za taipu! Vidole vilikuwa vimeuhifadhi zaidi ya miaka 30. Darasa lote likampigia makofi, na kuanzia hapo akawa msaidizi wangu.

Shida iliyotutesa muda mrefu ilikuwa nywila. Mtu anaandika neno lake sawasawa, kompyuta inakataa, anaandika tena, inakataa, mwishoni akaunti inafungwa naye anaondoka akiamini ameharibu kitu. Sababu ni kwamba kibodi imebaki kwenye lugha nyingine, na kwa kuwa nywila huonekana vidoti tu, hawezi kujua. Ukiandika privet, salamu yao, kibodi ikiwa kwenye Kiingereza, inatoka ghbdtn. Niliwaonyesha hilo kwenye skrini kubwa, wakaelewa papo hapo. Tukaweka sheria: kabla ya kuandika, tazama kona ya chini kulia, ni RU au EN? Kubadili ni Alt na Shift pamoja. Nywila zenyewe niliwaruhusu waziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Najua wapo wataalamu watakaonikemea. Lakini daftari ndani ya kabati ni salama kuliko nywila moja inayotumika benki, hospitali na kila mahali.

Kipanya nacho kilitaka muda, mikono inatetemeka. Kubofya mara mbili niliwaondolea: bofya mara moja, kisha bonyeza Enter. Kukokota tulijifunzia kwenye mchezo wa karata, ambao Windows ya Kirusi iliuita Kosynka, yaani kitambaa cha kichwani. Baada ya wiki mbili za karata, mikono ilitulia.

Mafolda sikuyafundisha mimi. Mzee mmoja aliwahi kufanya kazi na Minsk-32, kompyuta ya Kisovyeti ya kadi zilizotobolewa matundu, wakati mimi bado mtoto. Alisimama akawaambia wenzake: fikirieni jalada la karatasi ngumu lenye kamba, lile la ofisini, ndani yake waweza kuweka jalada jingine. Kirusi hutumia neno hilo hilo, papka. Nilikaa nikasikiliza.

Alhamisi ya tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, hatukufungua somo. Darasani walikuwepo watu wa Odessa, wa Kharkiv, wa Moscow, na mmoja wa Tashkent. Mama wa Kharkiv alikuwa na dada yake kule, na mpaka siku hiyo mjukuu ndiye aliyempigia simu. Tulikaa naye kwenye Viber, programu ya kupiga simu kwa intaneti, nikamwonyesha wapi pa kubonyeza, ila kidole kilikuwa chake. Dada akapokea, yuko chini kwenye kituo cha treni na majirani. Waliongea dakika kumi. Hakuna aliyetoka chumbani.

Wiki iliyofuata alikuja na daftari. Alikuwa amechora alama ya Viber na kuipaka rangi ya zambarau kwa penseli za mjukuu, chini yake ameandika hatua sita kwa maneno yake mwenyewe. Akamsogelea jirani yake aliyetoka Odessa, akamwambia: "Toa simu."