Insha ukutani, mistari myekundu imezimwa

Miaka kumi na tisa nimefundisha Kiswahili kwa chaki, na kompyuta niliiona ni mambo ya mwalimu wa TEHAMA na wenzake wa fizikia. Hata kishikwambi nilichopewa, katika vile vya sensa ya mwaka 2022 vilivyogawiwa walimu, nilikifungua kusoma mihtasari basi. Idara yetu nzima tulikuwa hivyo. Tulisema kompyuta ni ya Kiingereza, na ushahidi tulikuwa nao: andika "mwanafunzi", mstari mwekundu unajitokeza chini yake.

Kilichonisukuma ni insha. Kidato cha Pili nina wanafunzi 64. Nasahihisha hadi usiku, nawarudishia, wanaangalia alama, wanafunga daftari. Haandiki upya hata mmoja, na siwalaumu; kunakili kurasa mbili kwa ajili ya maneno machache kunachosha. Wiki inayofuata makosa ni yale yale.

Mwalimu wa TEHAMA, kijana wa rika la mwanangu, akaniambia, "Madamu, chukua projekta kipindi kimoja tu, nitakaa na wewe." Nikachapa insha ya mwanafunzi mmoja, kwa ridhaa yake na bila jina. Ilipotokea ukutani darasa likanyamaza: karibu kila neno lina mstari mwekundu. Binti mmoja akauliza, "Madamu, kwani Kiswahili chote ni kosa?"

Swali lile liliniuma. Nikawaeleza kuwa programu ile ilipangwa kukagua Kiingereza, na lugha yetu haikuwa ikiisoma. Kijana akanionyesha pa kuzimia ukaguzi. Mistari ikatoweka, kazi ya kutafuta makosa ikawa ya kwetu.

Wakaanza na "kwasababu". Nikaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, likang'aa manjano mahali saba. Kalamu yangu ingezungushia mara saba, na mtoto angehesabu makosa saba. Hapa aliona ni kosa moja alilolizoea. Tukalitenganisha. "Ana kwenda" tukaliunganisha, nikaeleza kwamba "na" pale ni kiambishi cha wakati, hakisimami peke yake. Kisha mvulana mmoja akasema aya ya mwisho ingefaa iwe ya kwanza. Nikaihamisha wakiangalia. Ikasomeka vizuri zaidi! Kwenye daftari asingethubutu kulisema hilo.

Umeme ulikatika kabla ya kengele, tukamalizia ubaoni.

Siku hizi nafanya hivyo mara moja kila wiki mbili. Mtihani wa taifa bado wanaandika kwa mkono, kwa hiyo daftari sijaliacha. Mwalimu mkongwe wa idara yetu alikataa kabisa mwanzoni. Aliamini mkono ndio unaofundisha kichwa, na kuhusu hati nzuri namuunga mkono. Wiki iliyopita alikuja akakaa nyuma ya darasa, kimya, hadi karibu na mwisho.

"Madamu, mstari wa tatu," akasema. "Ameandika 'akuna'. Hebu litafute na hilo."