Nilivyoyaelewa matabaka ya konea kwa kuuliza swali moja

Somo la macho lilipofika kwenye konea, wenzangu wengi chuoni hapa Moshi waliyakariri matabaka yake kwa mpangilio: epithelia, tabaka la Bowman, stroma, utando wa Descemet, endothelia. Mtihani ukipita, na yenyewe yanapita. Kukariri kumenishinda tangu sekondari, kwa hiyo nikatafuta njia nyingine, nikaipata kliniki. Kila alipoingia mgonjwa mwenye jicho jekundu, nilijiuliza: jeraha limefika wapi, na je, litaacha kovu?

Konea ni ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, inayoifunika mboni. Katikati ina unene wa kama nusu milimita tu. Wengi hudhani kazi ya kupinda mwanga ni ya lenzi, kumbe karibu theluthi mbili za nguvu hiyo ni za konea. Ndiyo maana kovu dogo likikaa katikati humnyima mtu kusoma, na hilohilo likikaa pembeni anaweza kuishi nalo bila kujua.

Aliyenifungulia njia ni fundi wa kuchomelea mageti kutoka Pasua. Grenda ilimrushia chembe ya chuma, na alikuja ameshika jicho kwa kiganja huku machozi yakimtiririka. Tulimwekea rangi ya fluoresini, tukammulika kwa mwanga wa buluu, pale palipochubuka pakang'aa kijani. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo mno kulinganisha na kelele zake, na alikuwa na haki ya kulia: epithelia imejaa ncha za neva kuliko hata ngozi. Ni safu tano hadi saba za seli, unene wa maikromita 50 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kazi yake ni kuzuia vijidudu na kuyashika machozi yatande vizuri. Mchubuko mdogo huziba ndani ya siku moja hadi tatu, kwa sababu seli mpya huzaliwa muda wote pale konea inapokutana na weupe wa jicho. Chembe ilitolewa, akapewa dawa ya kupaka, na aliporudi alikuwa anacheka. "Daktari, mbona limepona haraka hivi?" Mimi si daktari, lakini siku hiyo sikumsahihisha. Kovu? Hakuna.

Chini ya epithelia kuna tabaka la Bowman, jina la Mwingereza aliyeishi karne ya 19. Halina seli hai, na likiharibika halijengeki upya. Kuanzia hapo kwenda ndani, jibu la swali langu likawa ndiyo.

Stroma ndiyo iliyonikalisha muda mrefu. Karibu asilimia 90 ya unene wa konea ni stroma. Ni nyuzi za kolajeni, aina ya protini, zilizolazwa tando juu ya tando, zaidi ya 200, nyuzi zote zikiwa na unene unaokaribiana na nafasi sawa kati yake. Weupe wa jicho nao umejengwa kwa kolajeni, ila huko nyuzi zimechanganyikana, nene kwa nyembamba, basi mwanga haupiti. Nilipolielewa hilo, nikaelewa pia kwa nini kovu la stroma ni jeupe: jeraha likipona, nyuzi mpya hazirudi kwenye mpangilio ule.

Niliyaona hayo kwa mama mmoja wa Kahe aliyechomwa na jani la hindi wakati wa kuvuna. Alikuwa ametumia matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, aliyonunua bila kupimwa, na kidonda kilikuwa cha fangasi. Steroidi huyapunguza maumivu na wekundu huku fangasi wakizidi kula. Alipofika kwetu, katikati ya kidonda palikuwa na kitu kama kipovu cheusi chenye kung'aa. Nikanyoosha kidole niinue kope. Sista akanishika mkono: "Usibonyeze! Hapo stroma imekwisha, kilichobaki ni Descemet."

Utando huo katika mtu mzima ni maikromita kama 10 tu, lakini ni mgumu kuyeyushwa na vimeng'enya vinavyoila stroma. Ukipasuka, maji ya ndani ya jicho yanamwagika. Mama alilazwa siku hiyohiyo.

Swali langu liligonga mwamba kwa babu mmoja aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, asubuhi naona ukungu kama wa Marangu, jua likiwaka unapungua." Hakukuwa na kovu lolote. Shida ilikuwa endothelia, safu moja tu ya seli zenye pembe sita, ambayo kazi yake ni kusukuma maji yatoke stroma. Kwa mtu mzima ziko kama 2,500 kwa kila milimita ya mraba. Zikifa, mwili hauzizalishi tena, na zilizobaki hujitanua kuziba pengo. Zikipungua mno, stroma inavimba maji, nyuzi zinaachana, ukungu unaingia. Usiku kope zimefungwa na machozi hayakauki, kwa hiyo maji hujikusanya. Mchana jicho likiwa wazi, hewa inayavuta kiasi. Babu alianzishiwa matone ya chumvi, na tukamweleza kuwa ukungu ukizidi, tiba ni kupandikiza konea, kazi iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905 mikononi mwa daktari Eduard Zirm huko Olomouc, mji ulioko leo Jamhuri ya Cheki.

Kwenye mtihani wa mdomo niliulizwa matabaka ni mangapi. Nikajibu matano, nikaongeza kwamba mwaka 2013 mtaalamu wa macho Harminder Dua na wenzake wa Nottingham, Uingereza, walieleza jingine kati ya stroma na Descemet, na wataalamu bado wanabishana kama ni tabaka linalojitegemea au ni stroma ileile. Msahihishaji akaniuliza mimi niko upande gani. Nikamjibu kuwa sijawahi kukutana na mgonjwa wa kunionyesha tofauti, hivyo kwa sasa nabaki na matano.