Bili ya bima ya tetemeko imeniuma, lakini nitailipa

Bili ya bima imefika. Hapa Sendai, Japani, bima ya moto peke yake hailipi moto uliowashwa na tetemeko, kwa hiyo ya tetemeko inakaa kwenye mstari wake na bei yake. Nimebadilisha kwa shilingi: ni bati za banda la uani kwa mama, Bukoba. Na nyumba yenyewe si yangu! Ulipoingia ulishampa mwenye nyumba kodi ya mwezi mzima iitwayo shukrani, ambayo hairudi, na bado bili zinakuja.

Nitalipa. Ninaishi na simu inayopiga kelele usiku, "Jishin desu! Jishin desu!" (ni tetemeko!), na nimeona thamani ya kelele hiyo.

Tetemeko halitumi mtikisiko mmoja. Ya kwanza kufika ni mawimbi ya msingi, P, yanayoubana na kuuachia mwamba yakikimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. Unasikia dirisha likigongagonga tu. Nyuma yake yanakuja mawimbi ya pili, S, kilomita 3 na nusu hivi kwa sekunde, yakiitikisa ardhi kukingama na njia yake; hayo ndiyo yanayopasua kuta. Mwisho ni mawimbi ya juu ya ardhi, yenye majina ya Waingereza wawili waliotangulia kuyakokotoa: ya Love husukasuka kushoto na kulia, ya Rayleigh huviringisha ardhi kama Ziwa Victoria siku ya upepo. Mtaalamu wa hapa, Omori Fusakichi, alifundisha kwamba ukihesabu sekunde kati ya P na S ukazidisha kwa 8 hivi, unapata kilomita hadi lilikoanzia.

Wajapani wamelijenga onyo lao juu ya pengo hilo. Tangu Oktoba 2007 mitambo ikinasa P, tangazo linaenda kwa umma kabla S haijafika. Tarehe 11 Machi 2011, lilipopiga tetemeko kubwa, mji huu ulipata sekunde kama 15. Hazikuzuia tsunami, lakini treni za kasi zilianza kufunga breki, na hakuna iliyobeba abiria iliyoacha reli.

Ukiwa karibu na kitovu, onyo linachelewa hata hapa. Hapo kinachokuokoa ni nyumba. Wewe unayejiandaa kuja, dalali akikuonyesha chumba cha bei ya kutupa, muulize jengo lilipata kibali lini. Kanuni kali za ujenzi zilianza Juni 1981. La kabla ya hapo, ambalo halijaimarishwa, liache. Na kabati lifunge ukutani.

Ninaandika kwa uchungu kwa sababu ya Jumamosi ile, 10 Septemba 2016. Tetemeko la kipimo cha 5.9. Hapa Japani la ukubwa huo mara nyingi watu hurudi kazini. Kwetu Kagera liliua zaidi ya watu 15, likavunja maelfu ya nyumba, na Ihungo sekondari ikabaki magofu. Mawimbi yalikuwa yale yale. Kuta zetu zilikuwa tofali na udongo, bila nondo, bila lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta. Na tumekaa karibu na Bonde la Ufa, litatikisika tena.

Fundi wa mama anasema lenta ya kuzunguka nyumba nzima ni kupoteza saruji. Nimemwambia, "Kaka, funga lenta kwanza, vigae vitasubiri." Pesa ya nondo natuma wiki hii.