Baiskeli ya injini: mnyororo umetulia, na kosa halikuwa la mnyororo

Kilomita 14 leo, mnyororo haujaruka hata mara moja. Nimesubiri wiki tano kuandika sentensi hiyo, na naiandika grisi ikiwa bado kwenye kucha.

Tulipoachana mara ya mwisho injini ilikuwa imeshakaa kwenye fremu na inawaka vizuri: unapiga pedali, unaachia klachi, inashika. Tatizo ni kwamba kila nikitembea mita mia tatu au mia nne, mnyororo wa injini unatoka kwenye sproketi ya nyuma, yaani duara la meno linaloushika. Mara mbili roda ya kukazia mnyororo ilijipinda ikaingia kwenye spoki. Mara ya pili gurudumu lilikwama palepale na tairi likachora mstari mweusi barabarani. Nilikuwa nakwenda polepole, kwa hiyo sikuanguka, lakini nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli na moyo mzito.

Kwanza nijibu swali linalorudi kila mara: kwa nini sikuchukua mota ya umeme. Niliitaka, na nilipima kila kitu. Mota nyingi za habu ya nyuma (zinazokaa katikati ya gurudumu) zinataka nafasi ya milimita 135 kati ya miguu ya fremu, yangu ina 120. Mbele nafasi ipo, milimita 100 kamili, lakini uma wangu ni wa aluminiamu, na hapo ndipo nilipokataa kabisa. Ekseli ya mota ya habu inashikiliwa na pande mbili bapa zenye upana wa milimita 10 hivi, na mota ikivuta, ekseli yenyewe inataka kuzunguka kinyume. Bila mkono wa chuma wa kuizuia inatanua nafasi yake, inageuka, na inanyonga nyaya zake yenyewe. Uma wa chuma hupinda kabla ya kukatika, aluminiamu hukatika bila kuaga. Mwenye fremu ya chuma yenye nafasi ya kutosha aende na umeme, sitabishana naye.

Basi nikachukua seti ya petroli, ile ya kuchanganya na oili. Sanduku liliandikwa 80, yaani ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo. Nilifungua silinda nikapima: pistoni ina kipenyo cha milimita 47 na inapanda milimita 38. Piga hesabu, ni sentimita za ujazo 66. Sijisikii nimedanganywa kwa sababu kila mtu kwenye mchezo huu anajua, lakini anayenunua kwa mara ya kwanza ajue ananunua 66.

Sasa twende kwenye sproketi.

Mnajua inavyofungwa: sproketi ya meno 44 upande wa kushoto, mpira mmoja nje ya spoki, mpira mwingine ndani, vyuma nyuma yake, na bolti tisa zinazopita katikati. Gurudumu la spoki 36 lina 18 kila upande, kwa hiyo kila bolti inapata spoki mbili na mambo yanalingana. (Wenye gurudumu la spoki 32, msijisumbue. Upande mmoja una 16, na 16 haigawanyiki kwa tisa.)

Kwanza niliulaumu mnyororo. Nilitoa viungo viwili, nikaukaza, nikabakiza mchezo wa kama sentimita moja na nusu katikati. Uliruka. Kisha nikailaumu roda. Niliivua, nikapiga tupa mahali inapobana fremu ili chuma kishike chuma bila rangi katikati, nikanyoosha uzi kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma, nikapanga kila kitu kwenye mstari mmoja. Uliruka tena. Nikaja kwenye kuyumba. Nilifunga bisibisi kwenye fremu ncha ikikaribia meno, nikazungusha gurudumu, nikaona sproketi inayumba milimita 2 kulia na kushoto. Nilikaza bolti hizi, nikalegeza zile, hadi kuyumba kukawa chini ya milimita 1. Siku hiyo nilikwenda kilomita mbili nzima na nikaanza kufurahi. Ya tatu sikuifikisha.

Nililala na hasira. Kilichoniuma hasa ni kwamba kila marekebisho yalisaidia kidogo, na msaada mdogo ndio unaokufanya uendelee kutafuta mahali pasipo na kosa.

Jumamosi asubuhi nilipindua baiskeli, nikaweka kidole juu ya mnyororo, nikazungusha gurudumu polepole. Sikuangalia chochote, nilisikiliza kidole tu. Mnyororo unakaza. Unalegea. Unakaza. Unalegea. Nikatia alama ya chaki kwenye tairi. Unakaza kila valvu inapofika chini, unalegea kila valvu inapofika juu, mzunguko baada ya mzunguko, hakuna hata mmoja uliokosea.

Sproketi haikuwa katikati.

Nilikuwa nimepima kuyumba kwa pembeni, sikuwahi kupima kupanda na kushuka. Nilivua mnyororo nikachukua venia, kile kipimo cha kubana chenye kusoma sehemu za milimita: tundu la katikati ya sproketi ni milimita 38, na sehemu ya habu inayopita ndani yake ni 34.6. Kuna nafasi ya 3.4, na hakuna kitu chochote kwenye seti kinachoishikilia sproketi katikati ya nafasi hiyo. Mpira unabana, lakini mpira haujui katikati ni wapi. Nilipokuwa nafunga, sproketi ilishuka kwa uzito wake, ikakaa milimita 1.7 pembeni, nami nikaikazia hukohuko.

Na hapo dalili zote mbili zikaelezeka kwa mpigo. Nikirekebisha roda mnyororo ukiwa umekaza, nusu mzunguko baadaye unalegea kupita kiasi na unaruka. Nikirekebisha ukiwa umelegea, nusu mzunguko baadaye unavuta kwa nguvu ambazo roda haiwezi kuzihimili, inageuka na kuingia kwenye spoki. Roda haikuwa na hatia wiki zote tano. Mnyororo pia.

Dawa ya kwanza ilishindwa: vipande vya kopo la soda vilivyozungushwa kwenye habu. Bati lake lina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo nilihitaji mizunguko 17, na ilipofika nane ilianza kujikunja na kuteleza. Dawa ya pili ilikuwa pete iliyokatwa kwenye bomba la plastiki la maji. Niliipiga tupa kwa ndani na nje nikipima kila baada ya dakika chache, hadi ikaingia kwenye habu kwa kusukumwa na kidole gumba, na sproketi ikaingia juu yake vilevile. Plastiki haibebi mzigo wowote. Kazi yake ni kuonyesha katikati mpaka bolti zikaze, baada ya hapo mpira unashika.

Kukaza nako kuna adabu yake. Usikaze bolti moja hadi mwisho halafu uhamie ya pili. Robo mzunguko, ruka upande wa pili, robo mzunguko, ruka tena, ukiangalia ncha ya bisibisi kila ukimaliza zote tisa. Mimi nilizunguka mara sita. Kisha niliacha usiku mzima. Asubuhi mpira ulikuwa umelala, na kila bolti ilikubali robo nyingine. Baada ya hapo nyoosheni gurudumu upya, kwa sababu mpira ukibana unavuta spoki za kushoto na rimu inahama. Kupanda na kushuka sasa ni milimita 0.3. Kidole juu ya mnyororo hakihisi kitu.

Maneno mawili kuhusu vifaa. Venia ndiyo iliyomaliza kesi hii, na ya kawaida isiyo na betri inatosha kabisa. Kifaa cha kusukumia pini za mnyororo kiwe cha mnyororo wa 415, saizi ya mnyororo wa injini, maana cha baiskeli ni chembamba na changu kilivunjika pini siku ya kwanza. Nati zilizokuja na seti nilizitupa nikaweka zenye nailoni, kwa kuwa injini ya silinda moja inatetema na nati ya kawaida inajifungua yenyewe. Na spana ya kurekebisha isikaribie bolti hizi tisa. Inakula pembe za bolti, na zikishaliwa karibu na spoki utalia.

Mpango wa wiki hii ulikuwa tangi lipakwe rangi na taa zifungwe. Havitafanyika. Wakati mnyororo uko chini nilihesabu meno, na hesabu hiyo imeniteka. Gia za ndani ya injini ni 20 kwa 82, yaani mara 4.1. Nje ni 10 kwa 44, mara 4.4. Jumla mara 18. Kwa gurudumu la inchi 26, nikienda kilomita 40 kwa saa injini inazunguka mara 5,800 kwa dakika, na leo niliisikia ikilalamika kabla sijafika huko. Nikiweka sproketi ya meno 36, mwendo uleule unakuwa mizunguko 4,750. Hiyo ni injini nyingine kabisa kwa sikio na kwa mikono inayoshika usukani.

Najua mlimani nitalipa, na klachi itateseka wakati wa kuondoka. Lakini barabara zangu nyingi ni tambarare, na pedali bado zipo.

Kwa hiyo tangi limebaki na rangi yake ya kiwandani. Juu ya meza kuna mchoro wa sproketi ya 36, kipenyo cha milimita 145.7 badala ya 178, mnyororo upungue viungo vinne, matundu tisa yabaki palepale. Na tundu la katikati safari hii nitaomba litobolewe milimita 34.7. Aliyewahi kupanda mlima na 36 kwenye injini ya 66 aniambie klachi ilidumu muda gani.